Thuwaiba Hakuitikia Salamu

Kampuni yetu iko Mji Mkongwe, inatengeneza mfumo wa kuweka nafasi za vyumba vya hoteli. Mimi ni mhasibu tu. Anayeuandika huo mfumo ni Thuwaiba, na bosi wetu, Mahfoudh, amemweka mlangoni. Ndiyo, mlangoni! Eti kila mteja aingiapo aone tuna msichana anayeandika programu. Amemweka pale kama halua ya maonyesho.

Sasa kwetu mtu akiingia hutoa salamu, na salamu haiishi upesi. Habari za nyumbani, mama hajambo, wadogo zako je? Thuwaiba anaitikia yote, akirudi kwenye kompyuta ameshasahau alikuwa anafikiria nini. Siku moja akaziba masikio kwa vipokea sauti. Mzee mmoja akatoa salamu, hakujibiwa, akaenda moja kwa moja Michenzani kumshtaki kwa mama yake, Bi Mwatum. Mtu mzima na digrii yake anashtakiwa kama mtoto wa chuo cha Kurani!

"Bosi, mie nataka chumba chenye mlango tu," Thuwaiba alimwambia Mahfoudh.

Chumba kipo, juu, kimejaa viti vibovu. Badala ya kukisafisha, Mahfoudh akatupeleka Forodhani kula mishikaki, akatugawia fulana zenye jina la kampuni. Nilitamani kumrushia yangu usoni. Mwenzake Thuwaiba aliyekuwa akiandika naye mfumo alishahamia Dar, na huyu naye akiondoka, hatuna kampuni.

Msimu wa wageni ulipopamba moto, Thuwaiba alibonyeza kitufe sicho huku akimjibu muuza kahawa. Mfumo ukaanza kuuza chumba kimoja kwa familia mbili. Mahfoudh akafoka mbele ya wateja. Thuwaiba akafunga kompyuta yake, akaitia mkobani.

"Nakwenda kuurekebisha kwetu. Na nikiona kwetu ndo kunafanyika kazi, sirudi."

Hoteli zikawa zinapiga simu mfululizo. Mahfoudh naye akawa anampigia Thuwaiba, amefika wapi, amefika wapi, mpaka simu ikazimwa. Hakuvumilia. Akanikokota hadi Michenzani kwenda kumuuliza ana kwa ana. Nilichoka naye, wallahi.

Bi Mwatum alikuwa amekaa kwenye kiti nje ya mlango wa flati yao, anachambua mchele. Kila jirani aliyepita na salamu aliitikiwa na yeye, akapewa habari zote za Thuwaiba, akaenda zake ameridhika.

"Shikamoo, Bi Mwatum. Namtaka Thuwaiba, dakika moja tu."

"Marahaba. Yumo kazini. Haingii mtu."

"Lakini mie ndo mwajiri wake!"

Bi Mwatum akamtazama juu mpaka chini. Akainuka na ungo wake, akamsogezea kiti.

"Alaa! Kumbe ndo wewe? Basi hapa pako, mwanangu. Kaa uzuie watu. Mie nshachoka kukufanyia kazi yako."