Matawi ya Lusina na Leseni ya Shemeji

Mimi ni mtu wa nyumbani. Nalisema hilo mapema ili atakayenicheka ajue kwamba nilimtangulia. Nilipomaliza kidato cha nne nilirudi Malindi, nikakaa barazani kwa mama, na miaka ya themanini karibu yote ilinikuta papo hapo, gazeti la juzi mkononi, nikiwaandikia watu barua na kuwapa ushauri ambao hawakuuomba. Dada yangu alikuwa akisema nyumba yetu ina nguzo tano, nne za mti na ya tano ni mimi. Tofauti ni kwamba zile nne zinashikilia kitu.

Mumewe, shemeji yangu, alikuwa dereva wa lori. Alipakia korosho Kakuyuni na vijiji vya huko juu, akizipeleka kiwandani Kilifi. Lori halikuwa lake, lilikuwa la tajiri mmoja wa mjini, mtu wa tasbihi ndefu na maneno mafupi. Leseni ya shemeji ilikuwa imekwisha kuandikwa makosa mara mbili na mahakama, mara ya kwanza kwa taa, mara ya pili kwa mzigo. Ile ya pili tajiri aliitazama, akairudisha, akasema: "Ya tatu, funguo mezani." Akaendelea na tasbihi yake.

Asubuhi moja utingo wa lori lile aliamka na homa. Shemeji akaja barazani.

"Shemeji, leo utaiona dunia."

"Dunia niliisoma kwenye jiografia."

"Basi njoo uhakikishe kama walikwambia kweli."

Nilikwenda kwa sababu dada alikuwa amesimama mlangoni na ufagio, na namna alivyoushika haikunipendeza.

Kupakia kulikwenda vizuri, hasa kwa kuwa sikupakia mimi. Lakini tulipokuwa tunarudi, hatujaiacha Kakuyuni nyuma, springi ya nyuma ilikatika penye kona, lori likainama upande katikati ya barabara ya changarawe, halitoki. Vile vibao vyekundu vya pembetatu vya kuwatahadharisha wenye magari vilipaswa kuwa viwili. Kimoja kilikuwa kimevunjika. Shemeji akakiweka kizima mbele, upande wa kona, kisha akanikabidhi panga.

"Nyuma weka matawi. Hatua thelathini kutoka kwenye lori, na mengine hatua kumi. Na usiondoke. Nakwenda mjini kutafuta springi na fundi."

Kila dereva wa pwani hii ayajua hayo matawi. Ukiyakuta yamelazwa barabarani, huhitaji kuuliza: mbele kuna gari limekwama, punguza mwendo. Shemeji akapanda nyuma ya baiskeli ya mpita njia, akaniachia magunia ya korosho, lori lililoinama, na barabara nzima.

Palikuwa na miti ya aina mbili. Ng'ambo ya mtaro, juu kidogo, palikuwa na mwarobaini mkubwa. Upande wangu, hata mkono sikuhitaji kuunyoosha, palikuwa na ua wa milusina, ile miti laini ambayo mabwana shamba walikuwa wakiwahimiza watu waipande. Nilikata lusina. Niliyapanga matawi kwa ustadi, makubwa nyuma, madogo mbele, nikasimama nikajisifu. Kisha jua likawa kali, nikaingia chini ya lori kupumzisha macho.

Kilichoniamsha ni ncha ya buti ikigonga wayo wa mguu wangu.

"Wewe ndiye dereva?"

"La, afande. Mimi ni shemeji yake."

"Shemeji ni cheo gani kwenye lori?"

Alikuwa askari wa trafiki, na pikipiki yake ilikuwa imesimama kando. Akaniambia kuna pikapu nusura iingie nyuma ya lori letu, na mwenye pikapu ndiye aliyekwenda kumshitakia yeye huko chini barabarani. "Alama za nyuma ziko wapi?"

"Matawi yale pale," nikasema, nikageuka kumwonyesha. Barabara ilikuwa tupu kama ua uliofagiliwa. Karibu na mtaro palikuwa na vijiti vichache, havina hata jani.

"Hizi kuni?" akauliza.

Hapo ndipo nilipolitazama buti lake. Kwenye kisigino palikuwa na jani la kijani limenata. Moyoni kesi ilikuwa imekwisha: mtu huyu ameyapiga teke matawi yangu, ameyatupa porini, kisha amekuja kuniuliza yako wapi. Shemeji aliporudi na fundi, askari akamwandikia karatasi ya kufika mahakamani Malindi: ameacha lori mahali pa hatari bila alama yoyote nyuma. Akawasha pikipiki akaenda zake.

Vumbi halijatua, shemeji akaniuliza, "Uliweka?"

"Niliweka."

"Ulilala?"

"Nilale wapi, chini ya lori?"

Akalitazama lori, kisha akautazama mchanga uliokuwa mgongoni mwangu.

Kesho yake tuliteremsha mzigo Kilifi, tukaenda kunywa chai karibu na foleni ya feri, wanakokaa madereva wakingojea kuvuka. Palikuwa na dereva mtu mzima wa Kibarani, ambaye wenziwe wote walimpisha kiti. Shemeji akampa ile karatasi. Aliisoma akiiweka mbali na macho.

"Kubali," akasema. "Simama, sema nimekosa mheshimiwa, toa faini, kesho uko barabarani. Ukikataa watakupa tarehe. Ukija tarehe hiyo watakupa nyingine. Lori limesimama, na tajiri anatafuta dereva asiye na tarehe."

"Na akikubali leseni inaandikwa ya tatu," nikadakia. "Anayekubali kosa asilolitenda amejifunga mwenyewe. Askari ndiye anayepaswa kuthibitisha, si yeye."

Mzee akanigeukia polepole. "Huyu ni nani?"

"Shemeji," akasema shemeji. "Ana kidato cha nne."

"Ahaa. Na leseni ni ya nani?"

"Yangu."

"Basi sikuuliza kitu," akasema mzee, akarudi kwenye chai yake. Meza nzima ikacheka, na aliyecheka kwa sauti kubwa zaidi ni shemeji.

Njia nzima ya kurudi nilikuwa na dhana mpya. Yule mzee kwa nini anamharakisha mwenzake akubali? Labda ana mpwa anayeitaka njia ya Kakuyuni. Na tajiri je? Labda ndiye aliyemwambia askari apite njia ile, apate sababu ya kumtoa shemeji. Jioni nilimwekea dada orodha yote: askari, mzee, tajiri, na yule mwenye pikapu nikamwongeza kwa hesabu yangu mwenyewe. Dada alikuwa anakuna nazi. Hakuinua kichwa.

"Orodha yako ina kila mtu," akasema, "isipokuwa aliyekuwepo."

Siku ya mahakama shemeji alikataa kosa. Sijui kama ni kwa ajili ya maneno yangu au ni kwa ajili ya ile leseni; nilipenda kuamini la kwanza. Akapewa tarehe, kama mzee wa Kibarani alivyosema. Tajiri akaanza kupita mbele ya baraza letu kila alasiri, akatoa salamu, akaitazama nyumba, akaenda. Dada akaanza kuniandalia chai bila sukari. Nikaona sasa sina budi kutoka.

Niliazima baiskeli nikaenda Kakuyuni kutafuta ushahidi kwamba askari aliyatupa matawi. Nilipofika kwenye kona ile, mbuzi saba walikuwa wamesimama barabarani, safu moja, mahali pale pale, wanautazama ule ua wa milusina kama watu wanaongojea mlango ufunguliwe. Nyuma yao palikuwa na mama wa makamo na fimbo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ni wewe!" Akaanza kucheka kabla sijashuka. "Leo hukuja na panga?"

"Mama, siku ile uliwaona walioyatoa matawi?"

"Ndio hawa." Akawaonyesha mbuzi kwa fimbo. "Hawakuacha hata jani. Yule mweupe hata vijiti alivivuta mpaka mtaroni."

"Na mbona hukuniamsha?"

"Nilikuja karibu. Nikasikia mngurumo chini ya lori, nikadhani ni injini. Nikajiambia, lori limekufa, injini yakoroma! Kuinama, ni wewe." Akajifuta macho kwa ncha ya leso. "Na mtu aliyewapangia mbuzi wangu chakula katikati ya barabara nimwamshe nimwambie nini? Ahsante?"

Nikamweleza habari ya leseni na ya tajiri. Nikamwomba aje mahakamani. Kicheko kikamtoka usoni mara moja.

"Nije niseme mbuzi wangu wamekula alama za serikali? Halafu wachukuliwe? Mimi sikuamini, mwanangu. Wewe ni mtu wa kusema maneno ukabakiza mengine."

"Sitabakiza."

"Basi anza wewe. Nitakaa nyuma nisikilize. Ukisema la kulala na la kukoroma, nitasimama. Ukilificha, mimi sikujui na mbuzi sina."

Nyumbani nilimwambia shemeji kwamba nimepata shahidi, basi. Hilo jingine nilishindwa kulitoa. Kila nilipofungua mdomo niliiona ile meza ya chai ya Kilifi.

Siku ilipofika, askari alitoa ushahidi wake bila kuzunguka. Alikuta lori, alinikuta mimi, hakukuta matawi. Shemeji akamuuliza swali nililokuwa nimemwandikia tangu mwanzo, wakati bado namshuku: je, buti lake lilikuwa na jani?

"Huenda," akasema askari. "Palikuwa na vijiti kando ya mtaro, nilivikanyaga. Vilikuwa vibichi, vimekatwa kwa panga. Nilidhani ni kuni."

Hakimu akaacha kuandika. "Kuni mbichi?"

"Ndiyo, mheshimiwa. Sikulifikiria hilo."

Hakuficha kitu. Nami kwa siku zote zile nilikuwa nimemhukumu kwa jani la lusina.

Nikaitwa mimi. Nikasema niliyapanga matawi, hatua thelathini na hatua kumi. Nikatupa jicho nyuma ya chumba, yule mama amekaa na leso yake, ananitazama kama anavyowatazama mbuzi karibu na shamba la mtu. Shemeji naye ananitazama. Nikasema, "Kisha nililala, mheshimiwa. Chini ya lori. Nasikia nilikoroma."

Watu wakacheka mpaka karani akagonga meza. Shemeji hakucheka.

"Ulikata mti gani?" akauliza hakimu.

"Mlusina."

"Hapakuwa na mti mwingine?"

"Palikuwa na mwarobaini. Ng'ambo ya mtaro."

"Mtaro wenyewe upana wake?"

Nikaonyesha kwa mikono. Nilijaribu kuitanua, lakini nilikuwa nimekula kiapo, nikairudisha ilipostahili. Hakimu akaitazama hiyo mikono kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda.

Mama akasimama bila kuitwa, akaelekezwa kizimbani, akaapa. Akaeleza habari ya mbuzi saba, wa kwanza mpaka wa mwisho, na ya injini iliyokoroma. Alipomaliza aliuliza kama anaweza kwenda nao nyumbani. Hakimu akamwambia mbuzi hawakushtakiwa.

Kisha akasema dereva aliagiza alama ziwekwe na zikawekwa. Kosa ni la aliyeachiwa kuzilinda, naye ana bahati kwamba jina lake halimo kwenye karatasi ile. Dereva aende, ila asionekane tena na kibao kimoja. Leseni ikarudi kama ilivyoingia.

Tulipotoka langoni shemeji akanigeukia.

"Chini ya lori," akasema.

"Chini ya lori."

"Nilikuuliza pale pale."

"Uliniuliza."

Akatembea mbele yangu mpaka nyumbani. Tajiri alipopita alasiri, shemeji alimwonyesha leseni, tajiri akaitazama, akairudisha, akasema, "Haya." Chai yangu ilikaa bila sukari wiki mbili zaidi.

Tangu hapo madereva walioandikiwa karatasi walikuja barazani kuniuliza, wakatae au wakubali? Niliwaambia wakatae kama hawakukosa. Lakini kwanza niliwauliza nani alibaki na lori, na nikitajiwa shemeji wa mtu niliwaambia waende wakamuulize mara ya pili.

Mwaka uliofuata utingo aliugua tena, nikachukuliwa kwa kukosekana mwingine. Tulipokwama, safari hii ni pancha tu, shemeji aliweka vibao vyote viwili. Kisha akavuka mtaro mwenyewe, akarudi na tawi, akachuma jani akanipa.

"Tafuna."

Nikatafuna. Uchungu ukanipanda mpaka masikioni.

"Mwarobaini?"

"Mwarobaini, shemeji. Wallahi."

Akanitazama usoni, akachuma la pili.

"Tafuna na hili."