Shuka la Baba Mkwe

Minza aliolewa Migato akitokea Nassa, na katika vyote alivyotoka navyo kwao, kimoja hakikuonekana kwa macho: alijua kutibu upele. Alifundishwa na mama yake. Majani mabichi ya mwarobaini yanatwangwa pamoja na manjano mpaka yawe mazito, mtu anapakwa kuanzia shingoni hadi vidoleni, nguo na matandiko yanachemshwa, na wote wanaolala nyumba moja wanapakwa siku ileile. Hapo kwenye wote ndipo penye kazi. Ukimwacha mmoja, umetwanga maji kwenye kinu.

Mwaka huo upele uliingia nyumbani kwa baba mkwe wake, mzee Malimi. Minza alimpaka mwanawe Mayunga, mtoto wa miaka minne asiyejua kunyamaza, akampaka mumewe Masele, akajipaka na yeye. Wakapona. Haukupita muda Mayunga akaanza tena kujikuna katikati ya vidole, mpaka damu.

Minza alijua unakotoka. Mtoto alilala na babu yake, shuka moja, na mzee alikuwa akijikuna kisirisiri akidhani hakuna amwonaye. Lakini kwa desturi ya pale mke wa mtoto hagusi matandiko ya baba mkwe wala hautaji mwili wake. Alimwomba Masele akaseme yeye. Masele, mwanaume mzima mwenye ndevu, alijibu kwamba hawezi kumwambia baba yake ana upele kama kitoto. Hata muuguzi wa zahanati, alipowapa dawa nyeupe ya kupaka, alisisitiza yaleyale ya nyumba nzima, na chupa ikaishia kwa mtoto peke yake. Minza akajaribu kumhamishia Mayunga chumbani kwake. Mzee akauliza mbele za watu tangu lini anatengwa na mjukuu wake, na mtoto akarudishwa.

Upele ukawa unaenda na kurudi, na lawama zote zikamwangukia Minza. Majirani walisema majani yake hayana nguvu, wengine wakasema mikono yake ndiyo michafu. Aliyameza hayo, akaendelea kutwanga.

Siku moja Minza akiwa shambani anapalilia pamba, mzee alikuwa ananyunyizia ng'ombe dawa ya kupe. Alimtazama mjukuu wake anavyojikuna, roho ikamuuma.

"Hawa walijaa kupe, leo wanang'aa," alimwambia Masele. "Dawa iliyowaponya ng'ombe itashindwa na mtoto?"

Masele akamshika mtoto mikono, mzee akaelekeza bomba. Alimpenda yule mtoto kupita kiasi, na hilo ndilo linalochoma zaidi.

Minza alirudi akamkuta mwanawe anatokwa povu, kope zinamchezacheza. Walimpakia kwenye pikipiki kumkimbiza Bariadi. Alikata roho mapajani mwa mama yake kabla hawajaifikia lami.

Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua. Hawakusema kwamba mwenye kulia anaweza kuwa mwingine kabisa.

Baada ya maziko, waombolezaji wakiwa bado wamejaa uani, Minza alibandika maji kwenye sufuria kubwa la msiba. Akaingia kwenye nyumba ya baba mkwe wake, akatoka amekumbatia matandiko yake. Wanawake wakashika vinywa. Masele akanyanyuka, kisha akakaa.

Minza akaenda kusimama mbele ya mzee, bila kupiga goti.

"Baba, nipe na hilo shuka ulilojifunika," alisema. "Una upele."

Mzee akalivua taratibu, akampa. Minza akalizamisha kwenye maji yanayochemka, kisha akatwanga majani na kuweka bakuli miguuni pake. Mzee akajipaka, watu wakimwangalia.

Pamba ilipoanza kupasuka, ngozi yake ilikuwa imetakata, na majirani walewale wakaja kuomba majani. Minza aliwapa. Nyumba ile sasa hakuna anayejikuna.