Unga Umelala

Siku hizi mtu akiniita "dada" kwa sauti laini, naukumbatia mkoba wangu. Tabia hiyo niliachiwa na mwenzangu wa maabara, mwanakemia kama mimi, aliyekulia Tanzania kama mimi. Hapa Kigali, chuo kizima kikiongea Kinyarwanda na Kiingereza, sisi wawili tulikuwa tunapiga soga kwa Kiswahili, na kwa hilo tu nikamwona ndugu.

Kazi ilikuwa yangu. Nilitengeneza kichocheo cha kugeuza mafuta machakavu ya kukaangia kuwa dizeli. Ni maganda ya mayai tu, tuliyokuwa tunayachukua kwa waoka mikate wa Gikondo, yanachomwa kwenye tanuri mpaka yawe unga mweupe. Lakini unga ule unadeka! Ukipata unyevu wa hewa, na mvua za huku hazina adabu, hauchochei chochote. Maabarani tulisema umelala. Dawa yake ni kuuchoma tena asubuhi ileile ya kuutumia, na moto wake una kipimo chake. Nilitaka kumfundisha. Yeye kazi yake kunisifu, eti mimi ndiye mwenye mkono. Nikavimba kichwa, mjinga mimi.

Chuo kikawa kinatafuta wa kuongoza maabara mpya ya vichocheo. Nilikitaka kiti kile, sifichi. Asubuhi ya maonyesho mbele ya wakubwa akanipigia simu nikiwa bado nyumbani Ndera: unga umelala, niwahi. Nikawahi, nikauchoma, nikampa. Nilipoingia ukumbini, kwenye skrini, chini ya kichocheo changu, palikuwa na jina moja. Lake.

Mafuta yakageuka dizeli safi kabisa. Watu wakapiga makofi. Kisha akaninyooshea mkono.

"Na huyu ndiye dada yetu wa tanuri."

Wakanipigia makofi na mimi. Nami, jamani, nikatabasamu. Tabasamu lile linaniuma kuliko hata kiti, ambacho alipewa baadaye. Mama alikuwa haishi kutuambia kikulacho ki nguoni mwako, nikidhani anawasema majirani.

Nikaachana na utafiti, nikarudi kufundisha mwaka wa kwanza. Juzi, mvua ikiwa imeshinda inanyesha, nikamkuta ananisubiri mlangoni mwa darasa langu, koti limelowa. Alisema wageni wa kuja kuona kichocheo wako njiani, kisha akashusha sauti.

"Dada, unga umelala."

"Uamshe," nikamwambia, nikaingia kufundisha.