Dawa ya Mchina na Swali la Mama

Enzi zetu, sisi watoto wa fleti za Umbilo, tumbo likikuuma hukukimbilia kuuliza simu. Ulimwendea mama. Juu ya kabati alikuwa na chupa ya dawa ya Kichina: punje za kahawia, ndogo kama mtama, zinazonukia maganda ya machungwa na majani makavu. Aliinunua kwa mama mmoja Mchina karibu na robot, zile taa za barabarani. Huyu hajui Kichina, yule hajui Kiswahili. Walielewana kwa kushika matumbo na kukunja uso. Ikawa dawa ya jengo zima, ya gesi, ya shibe ya harusi, ya fufu iliyolala.

Ila kwa mama hukupewa punje hata moja kabla ya kujibu: "Ulikula kwa nani?" Mama zetu wa Kikongo mnawajua. Mtoto kula kwa watu bila ruhusa ilikuwa aibu ya nyumba nzima.

Baba alikuwa ameshatuacha, anaishi Clairwood na mke mwingine. Jumamosi moja alinichukua twende baharini, tukaishia kwake. Yule mama alikuwa amepika pondu, kisamvu chetu, inayoogelea kwenye mawese, nami nikala bila breki. Jioni tumbo likajaa, nikajikunja kitandani, jasho linanitoka, mdomo nimeufunga. Nikiitaja ile nyumba, mama atalia tena. Afadhali tumbo lipasuke!

"Neema, ulikula kwa nani?"

"Kwa... kwa mama wa Clairwood."

Akanigeuzia mgongo. Nikadhani analia. Kumbe anafungua chupa. Alinipa punje na maji ya moto, akanisugua tumbo mpaka nikalala. Nilipokwenda tena kwa baba, mama alinitilia chupa mpya mfukoni.

"Umupelekee yule mama. Umwambie apunguze mafuta."

Watoto wetu leo wanaletewa chakula mlangoni kwa pikipiki, wanakipiga picha kwanza, kisha wanakula peke yao chumbani. Tumbo likiuma wanameza kidonge, hakuna anayewauliza kitu. Eish! Nalikumbuka sana lile swali.

Baba alishafariki, na mama amezeeka. Juzi nilimkuta amejikunja kwenye kochi. Nikaishusha chupa, nikaishikilia kwanza.

"Mama, ulikula kwa nani?"

Akatazama pembeni, akicheka kidogo.

"Kwa mwenzangu wa Clairwood. Miaka yote hii, mafuta bado hajapunguza."