Headphone mpya ya landlord ilivyokataa kusikika upande mmoja, nusura nifungiwe duka

Wakuu, niaje. Pokeeni salamu kutoka Kisumu Ndogo, hapa Kibera.

Uzi ni mrefu kidogo, kwa hivyo kama una kitu kwa jiko enda uangalie kwanza. Yale niliona kwa macho nitasema niliona. Yale niliambiwa nitasema niliambiwa. Chumvi sijaongeza, haina haja.

Mimi ni mama wa mtoto mmoja, Daisy. Nalala huku Kibera lakini kazi yangu iko Kawangware, kaduka ka vitu za simu: chaja, kava, earphone, headphone. Mimi si fundi. Simu ikifa kabisa nakutuma kwa Kevo, mlango wa pili kutoka kwangu. Yangu ni kuuza, na nikiuza najaribu mbele yako ndio tusiletane.

Hiyo plot duka liko ni ya mzee mmoja anaishi Riruta Satellite. Sisi wapangaji wote tunamwita Guka, yaani babu, na bibi yake tunamwita Shosh, yaani nyanya.

Guka si mtu mbaya, ila ni mtu wa neno moja. Akisema umetoka, umetoka. Na hizi miezi za karibuni alikuwa amebadilika. Unamsalimia, anapita tu. Mama wa mboga alimfuata kumwambia choo imeziba, mzee akaenda na njia yake kana kwamba ni upepo umeongea. Tukasema basi, pesa ya plot imempanda kichwa.

Siku moja akakuja kwa duka anataka headphone. Zile kubwa za kufunika masikio.

Akaniambia Shosh amechoka na kelele ya TV, kila jioni ni vita ya rimoti. Pia binti yao ako majuu, nje ya nchi, anawatumia voice note kila wiki, na yeye anataka kumsikia vizuri.

Nikamtolea moja nzuri, ya waya. Nikajaribu kwa simu yangu, sauti safi. Nikaifunga, akaenda.

Kesho yake asubuhi alikuwa amesimama mlangoni kabla sijafungua.

"Mama Daisy, umeniuzia nini? Hii kitu inaongea ni kama mtu amefunikwa na blanketi. Upande mmoja ni kama umekufa."

Nikachukua, nikavaa. Iko sawa. Bass iko, sauti iko, pande zote mbili.

Lakini mteja ni mteja, na huyu ni landlord. Nikampa nyingine mpya kutoka kwa boksi. Akaenda.

Akarudi tena. Safari hii nilikuwa na wateja.

"Ni ile ile! Mnaleta takataka mnatuuzia sisi wazee mkidhani hatujui!"

Wasichana wawili walikuwa wanachagua kava wakaangaliana, wakaweka kava chini, wakatoka. Hiyo iliniuma, wacha niseme ukweli. Kwa hii biashara jina likichafuka ni kazi kulisafisha. Kila mtu Kawangware ameshawahi kuuziwa earphone ya kufa kwa wiki, kwa hivyo mtu akisikia "takataka" anaamini haraka.

(Na ndio, kuna stock mbaya. Hata mimi nimewahi kuletewa. Lakini ile mbaya inajulikana ukivaa tu, inakwaruza ama upande mmoja unakatika ukisogeza waya.)

Nikamwambia, "Guka, keti. Lete simu yako tuangalie, pengine shida iko kwa simu."

Akakaa, amenuna.

Nikaanza na ile tundu ya waya. Nikamulika na tochi. Wakuu, hiyo tundu ilikuwa imejaa nyuzi za koti na vumbi mpaka waya haikuwa inaingia hadi mwisho. Nikatoa polepole na kijiti cha meno, simu ikiwa imezimwa. Nikaweka waya, ikaingia na ile "tik" yake. Nikavaa, sauti imekuwa tamu kuliko kwanza.

Nikajua nimemaliza.

Nikamvalisha. Akasikiliza. Akakunja uso.

"Afadhali kidogo. Lakini huku bado."

Nikaingia kwa settings za simu. Kuna mahali pa balance, kale kamstari ka kugawa sauti kushoto na kulia. Kakisukumwa bila kujua, upande mmoja unakufa. Nikakuta kako katikati kabisa. Nikazima equalizer, ile ya kupandisha na kushusha bass. Nikaweka mono, ile ya kuleta sauti sawa pande zote. Bado.

Nikamkimbilia Kevo, nikaomba headphone yake mwenyewe, ya Bluetooth, ile anafanya kazi nayo na huwa hampi mtu. Akanipa. Kwa Bluetooth hakuna waya wa kulaumu.

Guka akavaa. Akavua haraka.

"Hata hii. Nyinyi nyote ni wale wale."

Kevo akaongea kutoka mlangoni, "Guka, hiyo yangu haina shida hata kidogo."

Mzee hakumgeukia hata. Akasimama, akaweka simu mfukoni, akaniambia mbele ya kila mtu, "Sitaki wezi kwa plot yangu. Mwisho wa mwezi ufunge."

Akaacha headphone kwa meza, akaenda.

Nilibaki hapo nimeshika hiyo kitu. Hapo ndio pananilisha. Hapo ndio panalipa shule ya Daisy. Na sikuwa nimeona makosa yangu ni gani, hiyo ndio ilikuwa inanisumbua. Mtu akikukuta na kosa unaomba msamaha. Sasa mimi ningeomba msamaha wa nini?

Kevo akaniambia nimpe siku mbili atulie. Mama wa mboga akaniambia nianze kutafuta nafasi kwingine, akanitajia hata mahali. Yaani alikuwa ameshanizika.

Jumapili baada ya kanisa nilikuwa nyumbani natengeneza omena. Nilikuwa nimebeba ile headphone ya Guka, nikasema acha niisikilize kabisa labda kuna kitu sisikii. Mikono iko na maji, nikamwambia Daisy anivalishe.

Akaniwekea wimbo naujua vizuri sana, wa kwaya. Kwa huo wimbo gitaa hukaa sikio la kushoto, na kinanda huwa kulia.

Sasa gitaa ilikuwa kulia.

Nikavua nikaangalia. Daisy alikuwa amenivalisha kinyume, R iko kushoto, L iko kulia.

Nikacheka. Halafu nikaacha kucheka.

Nikajiuliza, kwani Guka husema ni upande gani umekufa? Muda huo wote anasema "huku" na "upande mmoja", na mimi nikakimbilia simu, waya, settings. Kila kitu nimepima isipokuwa kuuliza ni upande gani, na kugeuza.

Headphone tatu tofauti, na zote zinakufa upande mmoja. Hiyo si headphone.

Baba Daisy aliniambia nisiende. "Mzee amekuita mwizi, sasa uende kwake umwambie yeye ndiye mgonjwa? Atakufungia leo leo."

Nikamwambia mwisho wa mwezi atanifungia tu, nipoteze nini?

Nikapanda boda mpaka Satellite.

Shosh ndiye alinifungulia. Akanikaribisha vizuri, akaniwekea chai. Nikaona hajui chochote kuhusu hiyo vita. Guka alikuwa kwa kiti chake, TV inapiga kelele mpaka madirisha yanatetemeka. Aliponiona akageuza uso.

Nikangoja Shosh apunguze TV. Nikapiga magoti kando ya kiti, nikaongea polepole nikimwangalia.

"Guka, sijakuja kubishana. Nataka tujaribu kitu kimoja tu, halafu niende."

Akanisukumia simu yake.

Nikaunganisha headphone kwa simu yake, nikamvalisha, nikaweka voice note ya binti yake.

"Ni upande gani haongei vizuri?"

Akagusa kulia.

Nikavua, nikageuza bila kusema kitu. Sasa ile spika ilikuwa kulia iko kushoto. Nikamvalisha tena, binti akaanza kuongea tena.

"Na sasa?"

Akagusa kulia.

Nikarudisha mikono yangu.

Yeye mwenyewe akavua. Akaangalia zile herufi, L na R. Akageuza kwa mikono yake, akavaa. Akasikiliza. Akageuza tena. Akasikiliza. Alifanya hivyo mara kadhaa, polepole.

Halafu akaweka headphone kwa magoti yake.

"Kumbe ni sikio," akasema.

"Inaweza kuwa nta tu, Guka. Daktari ataangalia."

Shosh alikuwa amesimama na birika mkononi. Akaiweka chini. Akaongea na sauti sikuwahi kuisikia kwake, sauti ndogo.

"Baba Wambui, kwa hivyo hunisikii?"

Alikuwa upande wa kulia wa kiti. Guka hakugeuka.

Shosh akazunguka mbele yake, akauliza tena.

Hapo akamsikia.

"Nilidhani ni wewe umenyamaza," akamwambia.

Wakuu, mimi nilikuwa mgeni, sikujua niangalie wapi. Nikaangalia chai.

Baadaye Shosh alinisindikiza mpaka kwa gate, akaniambia yote. Walikuwa wamekosana juu ya kuuza kipande cha shamba. Baada ya hapo akaona mzee hamjibu tena. Kwa meza, kanisani, kila mahali yeye hukaa upande wake wa kulia, tangu waoane. Akiongea, hakuna jibu. Akasema basi, huyu ameamua kuniadhibu. Naye akaacha kuongea. Mzee naye akaona nyumba imekuwa kimya, akasema huyu mama bado ana hasira ya shamba. Akawa anaongeza TV.

Watu wawili kwa nyumba moja, kila mmoja anangoja mwenzake amalize hasira.

Ya hospitali niliambiwa, sikuwepo. Shosh alisema walitoa nta nyingi sana kutoka kwa hilo sikio, na mzee akasikia afadhali, lakini si yote. Daktari alisema ndani ya sikio lenyewe kuna udhaifu pia, na huo hautatoka na maji. Akashauriwa kifaa cha kusikia. Alikataa kwanza, eti hicho ni cha wazee. Sasa anacho. Kuna siku anavaa, kuna siku kinabaki kwa droo. Shosh alihamia upande wa kushoto, hata kanisani.

Mnataka kujua kama aliniomba msamaha. Hapana. Guka si wa hiyo.

Mwisho wa mwezi ulifika nikafungua duka kama kawaida, roho mkononi. Akapita. Akasimama kwa mama wa mboga, akamuuliza kama kuna shida yoyote kwa plot. Mama wa mboga, kwa mshangao, akamwambia choo ni ile ile. Fundi alikuja mchana huo huo.

Mimi akaniambia tu, "Mama Daisy, uko sawa?"

Nikasema niko sawa.

"Ongea kwa nguvu kidogo," akasema. Nikasema tena kwa nguvu, na wote kwa plot wakageuka kuangalia.

Wale wasichana wa kava hawajawahi kurudi. Ndio biashara.

Sasa nirudi kwa kile kilileta wengi wenu hapa, headphone mpya ina sauti mbaya. Safisha tundu kwanza, ni hiyo mara nyingi. Angalia balance. Jaribu kwa simu ingine. Na kama ni upande mmoja, kabla urudi dukani kuita mtu mwizi, geuza kushoto iwe kulia. Shida ikihama na spika, rudisha headphone, una haki yako. Shida ikibaki kwa sikio lile lile, wacha muuzaji, enda hospitali. Na usingoje. Usichokore sikio na kijiti pia, hicho ni cha simu.

Kwangu mimi nilichobeba si mambo ya headphone. Sisi wote kwa hiyo plot tulimuita mzee mwenye kiburi. Hakuna hata mmoja aliwahi kujiuliza kama anasikia. Hata bibi yake.

Kwa hivyo nawauliza, na mnijibu kwa ukweli: kwenu ama kazini kuna mtu mmeacha kumsalimia kwa sababu hajibu? Mara ya mwisho mlimsalimia mkiwa upande gani?