Neno Moja Katika Kitabu cha Ndirangu

Siku ninayoikumbuka kuliko nyingine zote za ujana wangu, mwanangu, ilikuwa Ijumaa ya ukungu, nami nimekaa mbele ya taipureta katika ofisi ya kambi moja ya jeshi upande wa Nanyuki. Uhuru ulikuwa bado mchanga. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, viatu vya kisigino nilivyovipangusa kila nilipovuka matope, na kazi ambayo wasichana wenzangu wa Naro Moru waliitamani. Sikuwa askari. Nilikuwa mpiga chapa tu, lakini maneno yangu yalitoka pale kambini yakiwa na muhuri, na mtu akipewa aliyabeba maisha yake yote.

Nakueleza haya kwa kuwa nasikia umepata kazi ya kuandika habari za watu. Kaa kidogo. Mimi mwenyewe sijayaelewa yote hadi leo, kwa hiyo usitarajie niyapange vizuri.

Kila askari aliyeachishwa kazi alipewa kitabu kidogo cha kijivu. Mstari mmoja ulieleza sababu ya kuondoka. Chini yake ulikuwa mstari wa tabia, na hapo liliandikwa neno moja tu: bora, nzuri sana, nzuri, wastani, au mbaya. Nayataja kwa Kiswahili, ingawa kitabu kilikuwa cha Kiingereza. Sababu ilisomwa na ofisa, nawe ukaipiga chapa. Lakini neno la tabia halikusomwa na mtu. Mpiga chapa alilitafuta mwenyewe katika karatasi za mwenendo wa askari huyo, akalinakili. Ndivyo ilivyokuwa desturi, na hakuna aliyetukagua.

Ijumaa hiyo Kepteni aliingia akasema nitengeneze kitabu cha Koplo Ndirangu.

Ndirangu, mwanangu, alikuwa jirani yetu wa ng'ambo ya mto. Kambini ndiye aliyenibebea mzigo hadi kituo cha basi kila mwisho wa mwezi. Ndiye aliyeniletea njegere za mama yake zikiwa bado kwenye maganda. Mama yake naye, kila aliponiona sokoni, aliniuliza mbele ya watu, "Wangui, kuni zangu nitaletewa lini?" Wanawake wakacheka, maana kwetu anayempelekea mama kuni ni mke wa mwanawe. Nami nikainamisha kichwa na kuzihesabu siku.

Kepteni akasoma sababu akiwa amegeukia dirisha. Nikiigeuza kwa lugha yetu, ilisema hivi: amepatikana akiishi na mwanamume mwenzake kwa namna isiyokubaliwa jeshini. Huyo mwenzake alikuwa dereva wa lori. Sikumfahamu.

Vidole viliandika. Mimi nilikuwa mahali pengine. Niliwaza njegere, nikawaza mzigo wangu begani mwake, nikajiona mjinga mbele ya soko zima. Kepteni alipotoka, nikafungua karatasi za mwenendo. Miaka tisa, bila doa. Kila mwaka uliandikwa nzuri sana, na mwaka mmoja alisifiwa kwa kumtoa mwenzake katika mto uliofurika.

Nikaandika mbaya.

Sikuambiwa na mtu. Kitabu kiliwekwa pamoja na vingine, kikatiwa sahihi bila kusomwa, na jioni ile Ndirangu akapita langoni na sanduku lake. Alinipungia mkono. Nami nikampungia. Sijui kwa nini nilimpungia.

Mwaka uliofuata niliolewa na mwalimu wa Nyeri, nikaacha kazi. Mara chache nilisikia kwamba Ndirangu anabeba mizigo ya wapanda mlima, kazi isiyouliza karatasi. Nilikuwa nikijiambia kwamba mstari wa juu ndio uliomharibia, na ule sikuutunga mimi. Nililala vizuri, mwanangu. Hilo nalo halieleweki.

Ilipita miaka minane. Nikasikia kwamba mama yake ni mgonjwa. Nilipofika Naro Moru, nilifunga mzigo wa kuni nikaupeleka, kwa sababu mikono mitupu ilinishinda. Nilimkuta amekaa karibu na moto, mdogo kuliko nilivyomkumbuka. Akautazama mzigo.

"Umechelewa kidogo," akasema.

"Najua, mama."

"Keti. Hata hivyo, umekuja siku nzuri. Wewe unasoma."

Akatoa kitabu cha kijivu kutoka chini ya mto wa kitanda, kimefungwa kitambaani. Akanieleza kwamba ofisi inayowatafuta wapanda mlima waliopotea ilikuwa ikiandika watu kazi, na mkubwa wake alitaka mtu aliyekuwa jeshini. Huko juu hakuna aliyeujua mlima kuliko Ndirangu. Lakini kila mara alipopeleka kitabu alirudishiwa kimyakimya, na jibu la safari hii lilitakiwa Jumatatu.

"Wote wanakisoma na kunyamaza," akasema. "Yeye mwenyewe hataki kunisomea. Nisomee wewe."

Nikafungua. Nikaanza kuzungukazunguka kwenye mstari wa juu, nikitafuta maneno laini, naye akaniinulia kiganja.

"Hiyo ya kwanza naijua. Ni mimi niko naye tangu azaliwe. Unadhani mama haoni? Nisomee hii ya chini, ile wanawekea kidole."

"Inasema tabia yake ilikuwa mbaya."

Akauliza kwa upole, kama anayeuliza njia, "Alimpiga nani?"

"Hakumpiga mtu."

"Aliiba?"

"Hapana, mama."

"Basi huyo aliandika alimjua wapi?"

Ningeweza kusema sijui. Mlango ulikuwa wazi, basi la Nyeri lilikuwa bado halijapita. Nikasema, "Niliandika mimi."

Hakupiga kelele. Alichukua kitabu mkononi mwangu, akakifunga tena kwenye kitambaa, pembe kwa pembe, kazi iliyochukua muda mrefu mno. Ndipo akasema, "Ulikuwa umemkasirikia?"

"Nilidhani atanioa."

"Basi ungekuja hapa umkasirikie. Ungemtukana, tungekupa chai. Sasa umefanya watu wasiomjua wamkasirikie miaka nane, na wewe umeenda kuolewa."

Ndirangu aliingia tukiwa hivyo, viatu vimelowa, kamba begani. Mama yake akamwambia yote kwa sentensi moja. Yeye akakaa juu ya mzigo wangu wa kuni, akajikuna shingo.

"Kumbe ni wewe," akasema. "Ati mimi nimemchukia Kepteni bure miaka hii yote." Akacheka kidogo, kisha kicheko kikamwisha usoni. "Lakini Wangui, mimi nilidhani unajua. Nilidhani pale kambini wewe ndiye mtu mmoja anajua na hajali. Ndiyo maana nilikuwa nakubebea mzigo."

Mwanangu, mpaka leo nikilikumbuka neno hilo sijui niliweke wapi. Kumbe nilikuwa nimependwa, ila si kwa namna niliyoisubiri, nami nikalipiza kisasi kwa kupendwa.

Siku ya pili nilikwenda Nyeri mahakamani, nikaapa kwamba neno lile lilikuwa langu na kwamba karatasi za mwenendo zilisema neno jingine. Karani aliyeniandikia aliinua kalamu mara mbili. "Mama, unaelewa unajishtaki mwenyewe?" Nikamwambia naelewa. Mume wangu alikaa wiki nzima bila kuniomba chumvi mezani. Mimi na Ndirangu tukatuma kiapo kwenye ofisi ya kumbukumbu za jeshi, tukangoja. Jumatatu ilipita, na kazi ya mlima akapewa mwingine.

Jibu lilikuja baada ya misimu miwili ya mvua. Ndirangu alikuja kunichukua Nyeri mwenyewe, hakutaka kulifungua peke yake. Tulikwenda hadi kwa mama yake, aliyekuwa bado yupo, nadhani kwa ukaidi tu. Ndirangu akafungua bahasha, akanikabidhi kitabu kipya.

"Tabia: nzuri sana," nikasoma.

"Soma tena."

Nilisoma mara tatu. Mama alikuwa amefumba macho, anatikisa kichwa polepole kama mtu anayesikiliza redio kutoka mbali.

"Na hiyo ya juu?"

"Imebaki vilevile."

"Kwa nini?"

Nikamtazama Ndirangu. Yeye akainua mabega. "Hiyo wanasema si makosa ya chapa, mama. Ni kweli. Waliniita, wakaniuliza kama ni uongo, nikakataa kusema ni uongo."

"Ikiwa ni kweli, basi mbona walimfukuza mtu wa nzuri sana?" mama akauliza. Aliniuliza mimi, kwa sababu mimi ndiye niliyesoma. Nikageuza kurasa za kitabu na shule yangu yote, na sababu nyingine haikuandikwa humo. Uongo wangu ulifutwa kwa kiapo kimoja, lakini ule ukweli wake, ambao haukumdhuru mtu, nilishindwa kujua ofisi ya kuupeleka ili aondolewe adhabu.

Msimu uliofuata walimchukua kule mlimani. Sijui kama mkubwa alisoma mstari wa chini tu, au alisoma yote miwili akaamua kwamba kuna watu wanaopotea kwenye theluji na huyu anajua walipo. Ndirangu hakuwahi kuniambia. Aliendelea kuniletea njegere hadi nywele zetu zikawa nyeupe, na dereva wa zamani wa lori, mtu mpole wa maneno machache, ndiye aliyekuwa akizimenya barazani kwao. Kitabu walikitundika ukutani, mistari yote miwili ikionekana.

Basi nasaha yangu ni hii, mwanangu, nayo ni fupi kuliko hadithi. Ukipewa kalamu juu ya mtu, andika ulichokiona akikifanya, si kile kinachokuuma moyoni juu yake. Uchungu wako mpelekee mwenyewe, uso kwa uso. Ukigundua umeandika vibaya, usingoje miaka minane kama mimi. Rudi ukaandike upya hata ikikuaibisha. Na ukiambiwa uandike jambo la kweli ili mtu aadhibiwe kwa kuwa yeye ni yeye, simamisha vidole, uulize lile swali la yule mama. Mimi sikuuliza. Labda wewe utapata wa kukujibu.

Nenda kazini kwako. Mungu akupe mkono usiotetemeka kwa hasira, na nyumba ambayo watu wataingia na kuni zao bila woga. Jina lako lisomwe mara tatu mbele ya mama yako, naye kila mara atake kulisikia tena.