Sentensi Arobaini za Bi Zuhura

Haya nikiyakumbuka uso unaniwaka, na kosa ni langu, ingawa (niseme ukweli) kidogo namtwika binamu yangu Mwanaisha, maana asingesifiwa vile nisingejiharibia.

Mimi nimejitengeneza mwenyewe: nimelinda ghala Maskati miaka minane, nikajilipia stashahada ya isimu, nikarudi nayo Mambrui ikiwa kwenye fremu. Akaja mtafiti anayeandika sarufi ya kanuni, yaani kanuni chache za kuzalisha kila sentensi inayosemeka na kukataa isiyosemeka, naye alitaka msaidizi mmoja. Nikajua kazi ni yangu. Kumbe kamwita na Mwanaisha, ambaye mji mzima unamsifu lakini safari yake ndefu ni kuvuka daraja la Sabaki kwenda sokoni Malindi! Kila mmoja akapewa sentensi arobaini, nyingine nzima, nyingine zimevurugwa makusudi, tukawaulize wazee.

"Kaka Swaleh, twende pamoja kwa Bi Zuhura," Mwanaisha akaniambia. "Mimi kanizoea."

Nikakataa (nigawane naye sifa?), nikafunga tai, nikatangulia peke yangu.

"Shikamoo, bibi. 'Kisu jana yule mimi samaki alikata.' Inasemeka?"

"Marahaba. Inasemeka, mwanangu. Kunywa kahawa."

Zote arobaini zikasemeka! Mwenye akili angeshtuka. Mimi nikaona nimevumbua jambo, na siku ya kutoa majibu, ukumbi umejaa, nikasimama nikatangaza kwamba Kiswahili cha Mambrui hakina mpangilio wa maneno, nikawasomea na ile sentensi ya kisu. Upande wa wanawake ukaangua kicheko.

"Nani kakwambia?" mtafiti akauliza.

Nikamwonyesha Bi Zuhura aliyekaa kati yao, naye akaweka buibui lake sawa.

"Mwanangu, umenijia na tai, hata kahawa hukuionja, nami nikwambie umekosea? Mgeni huyo!"

Mwanaisha yeye alikaa na wanawake wakisuka ukili wa mikeka, zile sentensi mbovu akazitamka kama ulimi umemteleza, wakamcheka na kumkosoa bila kuulizwa. Kazi akapewa yeye, na kwa wivu nikatoka ukumbini kabla ya kumpongeza.

Nimeapa: simwulizi tena mtu jambo kabla hajanizoea kiasi cha kuniambia nimekosea. Nikaanza na Mwanaisha mwenyewe, nikamwomba anieleze nilipokosea. Huu mwezi wa pili, na bado hajamaliza.